Tochi ya Mkaguzi na Majiwe ya Kahambu

KITUO CHA POLISI, FOREST, BRUSSELS
Maelezo ya nyongeza ya shahidi
Tarehe: Jumanne, 14 Februari 2012, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi
Jina: Elineema Zakayo Mbwambo
Umri: miaka 43
Kazi: mkaguzi wa nyumba
Makazi: Jette, Brussels
Lugha: shahidi anazungumza Kiholanzi, lakini safari hii ameomba kusema kwa Kiswahili, mbele ya mkalimani wa kiapo, Bi. Annemie Dhondt

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikuletwa. Nimekuja kufuta neno moja nililolisema mbele ya polisi tarehe 8 Februari. Kwa sababu ya neno hilo, Bi. Kahambu, mpangaji wa ghorofa ya kwanza katika nyumba ya Bw. Rik Daelmans hapa Forest, anachunguzwa kwa kosa la kuziba bomba la moshi na karibu kumwua baba yake mzazi. Tangu siku hiyo amekatazwa kumwona mzee hospitalini na hata kumpigia simu. Neno lile halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Afisa ameniuliza mbona natabasamu katika jambo zito kama hili. Nimemjibu kwamba nimelala kwa muda wa saa tatu tu, nina ushahidi kwenye mkoba, na angekuwa yeye angeshaanza kuruka. Ameniambia nikae vizuri kwenye kiti na nianze mwanzo.

Mwanzo ni kazi yangu. Nakagua nyumba tangu mwaka 2004. Mtu akitaka kununua nyumba, au kampuni ya bima ikitaka kujua ukuta umepasuka kwa nini, naitwa mimi. Naingia chini ya ngazi, juu ya dari, nyuma ya makabati, mahali ambapo mwenye nyumba mwenyewe hajawahi kutia pua. Nina ngazi, kioo kidogo cha mkono, kipimo cha unyevu, na tochi. Katika hivyo vyote, tochi ndiyo kazi yenyewe. Mkaguzi asiye na tochi nzuri ni mgeni tu aliyekuja kutembea.

Afisa amesema tochi haihusiani na shauri hili. Kwa heshima zote, nimemwambia inahusiana, tena ndiyo shauri lenyewe, na ninaomba iandikwe. Nyumbani kwetu kuna droo ya jikoni yenye tochi kumi na moja. Mke wangu anaitwa Brightness, na afisa amecheka aliposikia jina hilo. Tumezoea. Yeye husema kwamba katika nyumba ile mwenye mwanga anatosha mmoja, hizo nyingine nizipeleke kanisani.

Yaliyotokea Jumatatu tarehe 6 Februari sikuyaona kwa macho yangu. Nayasema kama nilivyoelezwa. Ilikuwa wiki ile ya baridi kali, maji ya mifereji yameganda. Mnamo saa tisa alasiri Papa Bertin, baba yake Kahambu, mwenye umri wa miaka 71, aliingia bafuni kuoga. Maji ya bafu lile yanachemshwa na hita ya gesi iliyotundikwa ukutani, na moshi wake hutoka kwa bomba linalopanda ndani ya ukuta mpaka juu ya paa. Baada ya robo saa Kahambu aligonga mlango, hakujibiwa. Akausukuma kwa bega. Mzee alikuwa amelala sakafuni, hana fahamu. Bomba lilikuwa limeziba, na hewa ya sumu, ile isiyo na harufu, ilikuwa imejaa bafuni. Kahambu alimburuta mpaka kwenye korido, akafungua madirisha yote, akapiga simu. Wazima moto walifika, wakafunga gesi, mzee akapelekwa hospitali ya Jette. Mungu ni mwema, yu hai.

Mnamo Jumatano tarehe 8 Februari, saa nne asubuhi, nilifika kwenye nyumba hiyo. Bw. Rik ndiye aliyeniita, nimwandikie ripoti ya bima. Hapo lazima niseme aibu yangu. Tochi yangu nzuri ilikuwa imetumbukia kwenye tangi la maji mwezi Januari, na nilikuwa natumia tochi niliyopewa bure kituo cha mafuta. Ilikuwa na mwanga mkali sana, wa buluu, wa kuumiza macho. Watu wengi hudhani tochi nzuri ni ile inayopofusha. Sivyo. Mwanga wa buluu hufanya kila kitu kiwe na rangi ya majivu: tofali ni majivu, kutu ni majivu, doa la unyevu halionekani kabisa.

Nilifungua kidirisha cha kusafishia bomba, pale kando ya hita, nikaingiza kioo na kumulika juu. Kwenye kona ya bomba niliona vifusi vimejazana. Mawe na vipande vya tofali, vyote vya rangi ya majivu. Niliandika hivyo: mawe. Bw. Rik alikuwa nyuma yangu. Alisema wapangaji wa aina hii huziba matundu ili baridi isiingie, ameshaona mengi.

Dakika chache baadaye alifika Inspekta Maarten Vercammen, huyu huyu anayeniandika sasa. Kahambu alikuwa amekaa jikoni. Ametoka Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka miwili tu iliyopita, Kifaransa chake ni cha sokoni, na siku ile hata hicho kilimkimbia. Mkalimani wa polisi hakupatikana. Afisa aliuliza kama kuna mtu anayejua Kiswahili. Nikanyoosha mkono haraka kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nilijisikia mtu mkubwa, Mpare wa Same ninayewasaidia polisi wa Ubelgiji.

Afisa alitaka kujua kama Kahambu aligusa au aliweka kitu chochote pale kwenye hita kabla ya mzee kuoga. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu. Alijibu hivi, na nayakumbuka maneno yake yote:

"Ndiyo, nilitia majiwe. Majiwe mbili ya munene, ya mupya. Asubui ile ile."

Alitaka kuendelea kusema. Mimi nilikuwa nimeshamgeukia afisa. Nilimwambia kwa Kiholanzi: anasema aliweka mawe mawili makubwa asubuhi ile ile. Bw. Rik alipiga paja lake. Afisa aliandika. Kahambu alitutazama mmoja mmoja, hakuelewa kimeandikwa nini.

Naomba izingatiwe kwamba niliacha neno moja. Alisema "ya mupya", nami sikulitafsiri, kwa sababu kwa Kiholanzi lingesikika kama upuuzi. Jiwe jipya ni lipi? Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa hofu, nikamsitiri. Kumbe katika jibu lake lote neno hilo ndilo lililokuwa linapiga kelele, na mimi ndiye niliyeliziba mdomo.

Nilirudi nyumbani lakini sikuwa na amani. Si kwa sababu ya neno, neno nilishalisahau. Ilikuwa ni kwa ajili ya picha nilizopiga bombani. Nilizipiga kwa mwanga wa buluu na hazikunieleza kitu. Ukiona kifusi lazima ujue kimetoka wapi, na kitu cha rangi ya majivu hakina kwao. Nikaamua kununua tochi ya kweli na kurudi kumaliza ripoti.

Mnamo Jumamosi tarehe 11 Februari, saa tano asubuhi, nilikwenda mtaa wa Porte de Namur, hapa hapa Brussels, kwenye duka la vifaa vya umeme la Bw. Mudathir. Ni mtu wa Tanga, tunafahamiana. Niliingia na kipande cha tofali mfukoni, kipande cha plasta yenye doa la unyevu, na msumari wenye kutu. Mudathir aliniuliza kama nimekuja kununua au kumjengea duka. Nikamwambia azime taa za upande ule na atoe tochi zake zote.

Nilizijaribu kumi na nne. Afisa amesema si lazima nizitaje zote, sawa, sitazitaja. Nitasema tu nilivyochagua. Kwanza nilimulika tofali. Tochi inayolifanya tofali lionekane kama ini lililolala siku mbili, niliiweka pembeni. Nilitaka mwanga wenye unjano kidogo, ambao tofali linabaki tofali na kutu inabaki kutu. Zilibaki tano. Kisha nililaza tochi ubavuni mwa ukuta wa duka, mwanga ukapita juu ya plasta kwa kuteleza, maana ukuta ukimulikwa usoni husema uongo, ukimulikwa ubavuni husema yote. Tochi zenye mwanga uliotawanyika ovyo zikaanguka hapo. Mudathir aliona ufa kwenye ukuta wake ambao hakuujua kwa miaka sita, akakasirika kidogo. Zikabaki mbili. Zote nyembamba, za kuingia kwenye kiganja, kifungo kiko kitakoni ili kidole gumba kiwashe bila kutafuta, na zina pembe ubavuni ili usipozishika zisiviringike dari nzima na kukuangukia kichwani.

Nilikuwa nimezishika hizo mbili, moja kila mkono, nimefurahi kama bwana harusi. Msaidizi wa duka anaitwa Lucienne, mwanamke wa makamo, naye ametoka Butembo. Alikuwa akiniangalia muda wote kwa huruma. Akaniuliza:

"Bon, tonton, hii iko ya chargeur, ile iko ya majiwe. Unapenda gani?"

Ya chargeur nilielewa, ni ya kuchaji; nikamuuliza mawe ya nini. Akadhani namtania. Alifungua droo, akatoa betri mbili nene, akazigonga juu ya meza mbele yangu.

"Majiwe, si haya? Kwetu pile ni majiwe. Haya ni ya mupya, ile ya ndani iko ya kuonyesha tu."

Ya mupya. Majiwe ya munene, ya mupya. Naomba iandikwe kwamba nilikaa ghafla juu ya boksi la feni. Mudathir alidhani nimepatwa na kisukari. Nilipomweleza, alinicheka bila huruma, akasema hata Kenya wapo wanaoita betri mawe, Mpare peke yake ndiye anayejua mawe ya kupigia nyani. Sikucheka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa kwa ulimi wa mtu mwingine.

Hita za gesi za aina ile hazina umeme. Zinawashwa na cheche inayotoka kwenye betri mbili nene zilizofichwa kwenye kijisanduku chini ya hita. Mimi mkaguzi wa miaka minane najua hilo kama ninavyojua jina langu. Kahambu aliulizwa aliweka nini kwenye hita, akasema ukweli mtupu: aliweka betri mpya. Mimi nikamvika mawe.

Nilipiga simu kituoni saa sita na nusu mchana huo huo. Niliambiwa nije Jumanne, mkalimani wa kiapo atakapokuwepo. Nilichukua ile tochi ya majiwe na betri nane.

Mnamo Jumatatu tarehe 13 Februari, yaani jana, saa tatu asubuhi, Bw. Rik alinifungulia nyumba nimalize ripoti. Kwanza nilipiga magoti chini ya hita na kufungua kile kijisanduku. Betri mbili nene, mpya, hata karatasi ya bei haijabanduka. Nimezipiga picha zikiwa mahali pake, sikuzigusa.

Kisha nilifungua kidirisha cha bomba, nikaingiza kioo na kuwasha tochi yangu. Hapa ndipo nilipopiga kelele, na Bw. Rik alikuja mbio akidhani nimeungua. Vifusi vile vile, mahali pale pale, lakini sasa vilikuwa na rangi. Tofali jekundu. Plasta ya waridi. Na juu ya plasta ile, imeng'ang'ania, karatasi ya ukutani ya kijani yenye maua madogo meupe. Nilihesabu vipande sita vyenye maua.

Nyumba ya Kahambu haina karatasi ya ukutani hata moja. Kuta zake zimepakwa rangi nyeupe. Nilimwomba Bw. Rik anipeleke ghorofa ya juu yake, kwenye chumba kisicho na mpangaji. Alisema hakuna cha kuona huko, kimekarabatiwa Januari, kila kitu kipya. Nikamwambia basi nitafurahi kuona kitu kipya. Alisita, kisha akapanda ngazi mbele yangu.

Chumba kilikuwa kimepakwa rangi vizuri. Nilifunga mapazia, nikalaza tochi ubavuni mwa ukuta unaopitiwa na bomba, nikaanza kutembea nayo polepole. Karibu na katikati ya ukuta lilijitokeza umbo zima: mraba wa plasta mpya, upana wa meko ya zamani, kingo zake zimevimba pande zote nne. Mafundi walikuwa wamevunja meko ya ukutani, wakatupa vifusi ndani ya bomba badala ya kuvishusha ngazini, kisha wakaziba na kupaka. Nyuma ya rejeta ya kupashia chumba joto, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika, niliona karatasi ya kijani. Maua madogo meupe. Nimeipiga picha pamoja na ile ya bombani, nikabandua kipande kimoja, na vyote nimemkabidhi afisa.

Bw. Rik alikaa kwenye kizingiti cha dirisha. Alisema hakuwepo siku mafundi walipofanya hivyo, na hilo naliamini. Kisha akasema hiyo si kazi aliyoniitia. Nilimjibu:

"Uliniita nikague nyumba. Nyumba ndiyo hii."

Sasa mambo yote yanakaa mahali pake. Mafundi waliziba bomba mwishoni mwa Januari. Hakuna aliyedhurika kwa sababu hita ilikuwa haiwaki, betri zake zimekufa. Bw. Rik mwenyewe aliniambia kwamba kwa zaidi ya wiki moja Kahambu alikuwa akimchemshia baba yake maji kwenye sufuria, ndoo kwa ndoo. Tarehe 6 asubuhi, kwa kuwa baridi ilizidi, alikwenda kununua betri mzee apate kuoga vizuri. Alifanya wema ule ambao mtoto yeyote angemfanyia baba yake, na mtego ulikuwa umeshategwa ukutani na watu wengine.

Afisa ameniuliza kama nimemweleza Kahambu haya. Hapana. Najua ameitwa hapa leo saa tano kwa mahojiano, na nilimwona nje akiwa amekaa kwenye benchi na koti lake. Nilimsalimia nikapita. Sikutaka mtu aseme nimemfundisha la kujibu. Nimeumia sana kumpita hivyo.

Furaha yangu niliyoionyesha hapa isichukuliwe kama dharau. Nimefurahi kwa sababu mtu asiye na hatia ameonekana hana hatia, na kwa sababu, niseme kweli, tochi ile ni nzuri kupita kiasi. Lakini mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi siombi pole. Naomba neno "mawe" lifutwe kwenye maelezo ya tarehe 8 na liandikwe "betri mpya", neno "mpya" lisiachwe tena.

Niliyoyaona ni hayo na nililolikosea ni hilo. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimesahihisha mahali pawili, na natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) E. Z. Mbwambo

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Inspekta Maarten Vercammen, kupitia kwa mkalimani wa kiapo Bi. Annemie Dhondt, na kumalizika saa nne na dakika arobaini. Vielelezo vilivyopokelewa: picha kumi na saba, kipande cha karatasi ya kijani, risiti ya tochi na betri kutoka duka la Bw. Mudathir, na tochi moja ambayo shahidi alisisitiza ipokelewe.

Saa tano kamili nilimwita Bi. Kahambu. Kabla ya kumwambia lolote nilimuuliza, kupitia kwa mkalimani, majiwe aliyoyataja tarehe 8 ni nini. Alijibu: "Ni pile, ya kutia mu chauffe-bain. Alors, nilitia mubaya?" Bi. Dhondt, aliyefundisha Bukavu miaka kumi na tisa, amethibitisha kwamba huko majiwe, au pile kwa Kifaransa, ni betri, na chauffe-bain ni hita ya bafuni.

Nilimpigia simu hakimu wa uchunguzi. Saa tano na dakika ishirini na tano katazo la kumwona baba yake liliondolewa. Shahidi Mbwambo aliomba yeye mwenyewe ampe habari hizo na amwombe radhi. Nilikubali, mkalimani akiwepo. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama. Nimemwarifu shahidi kwamba kituo hiki hakitamtumia tena kama mkalimani, naye amesema ni haki.

Bi. Kahambu hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu, kama kuna aliyemweleza baba yake kwa nini haji. Nilimjibu kwamba hakuna, kwa kuwa katazo halikuruhusu. Akasema:

"Donc siku sita papa iko anawaza nilimuacha."

Alisimama, akafunga koti, akatoka kuelekea Jette kabla sijapiga muhuri karatasi ya ruhusa. Nilipoipiga muhuri, shahidi aliichukua mikononi mwangu na kumkimbilia barabarani.

(Sahihi) M. Vercammen, Inspekta